Mtamba Hakuwa Bei ya Shamba

Kwetu Kirua Vunjo, zamani, mtu akiuliza kihamba cha fulani kinaweza kuuzwa kiasi gani, wazee walimtazama kama ameuliza bei ya mama yake. Kihamba ni pale nyumbani, penye migomba, kahawa na makaburi, na hakikuwa na bei. Mashamba ya porini, kule chini tambarare kuelekea Himo, nayo hayakuwa na bei, ila kwa sababu nyingine kabisa: hakuna aliyeyataka. Kulikuwa na mbu, jua kali, na vumbi linaloingia mpaka kwenye uji. Huko ndiko walikoshukia watu waliokosa nafasi mlimani, na baba yangu alikuwa mmoja wao. Alizaliwa katikati. Kwa desturi yetu kihamba ni cha mtoto wa kwanza na wa mwisho, na wale wa katikati huambiwa Mungu atawajalia. Mungu alimjalia baba mbu.

Shamba alijaliwa na mzee mmoja wa huko juu. Hakuwa wa ukoo wetu. Walifahamiana kwenye kwaya ya kanisa, mzee akiimba sauti ya chini na baba akimfuata, na urafiki wao ulianzia hapo. Mzee alikuwa na kipande kikubwa kando ya barabara, alichopewa na baba yake na ambacho hakuwahi kukitia jembe. Akamwambia baba alime, na kila mwaka akishavuna amletee pombe. Sisi tulimwita yule mzee babu, na mpaka leo sijapata neno jingine la kumwita.

Pombe hiyo inaitwa masiro. Msomi atasema ni kodi, lakini baba alikuwa akikasirika ukiiita hivyo. Masiro ni namna ya kusema: ninalima hapa, na sijasahau kwamba ni kwako. Mwaka ukipita bila masiro, mwenye shamba ana haki ya kusema mkulima amelitupa, au vibaya zaidi, amejifanya ni lake. Ukiipeleka na ikapokewa, unalima mwaka mwingine bila wasiwasi. Mkataba wote ulikuwa huo, na karatasi haikuwepo.

Mbebaji nilikuwa mimi. Mama aliipika pombe yenyewe, mbege, kwa ndizi alizozinunua kwa wanawake wa juu walioteremka nazo sokoni, kwa sababu kwetu porini migomba ilikuwa michache na myembamba. Kwa hiyo ndizi zilishuka mlima kwa pesa, zikapanda tena bure kichwani kwangu zikiwa pombe. Baba alitangulia amevaa koti lake la misa. Njia ilipita nyuma ya shule ya sekondari, na wavulana walikuwa wakiegemea seng'enge wakati wa mapumziko. Mmoja wao akaanza kuniita mama pombe, na wengine wakaitikia. Nilikuwa msichana mkubwa wa kutosha kujali wavulana wanasema nini, na pombe ilikuwa ikinichuruzikia shingoni, nikinuka kama kilabu. Nilimwonea haya baba kwa koti lake, kwa viatu vyake alivyovifuta kwa jani la mgomba kabla ya kuingia uwanjani kwa watu, na kwa jinsi alivyoanza kuongea taratibu kama mtu aliyeingia kanisani amechelewa.

Nikishatua mzigo, nilitakiwa kunywa kwanza. Ndiyo desturi: anayeleta pombe huionja mbele ya wote, waone haina sumu. Nikapiga funda moja huku macho yangu yako chini, kisha babu akapokea kata, akamwaga kidogo penye migomba, akajifanyia ishara ya msalaba ili pande zote mbili ziridhike, akanywa. Mkewe alikuwa anasimama mlangoni akitabasamu. Babu akijifuta midomo alisema kwa Kichagga kwamba pombe imefika, na kwamba baba aendelee kulima. Baba alijibu, "Aika, meku," yaani asante, mzee. Baada ya hapo tulipewa chakula, nyimbo za kwaya zikaanza, na mimi nikahesabiwa kuwa mtoto wa nyumba ile mpaka jioni.

Ninasema haya taratibu ili ieleweke kwamba hapakuwa na unyonge wowote pale. Unyonge niliuleta mimi kutoka kwenye seng'enge ya shule.

Halafu mambo yakabadilika, kwanza polepole. Biashara ikafunguliwa. Mahindi ambayo zamani yalivushwa mpaka kwenda Taveta, Kenya, kwa kujificha, watu wakilala porini na baiskeli zao, sasa yalinunuliwa mchana na watu wenye malori. Himo ikachangamka. Nguo za mitumba zikaja kwa marobota. Huko juu kahawa, iliyosomesha watu na kujenga makanisa, ikaanguka bei mpaka wengine wakawa hawahangaiki hata kuichuma. Wenye mashamba porini, ambao walikuwa wamesahau hata mipaka yake, wakaanza kushuka Jumapili baada ya misa wakiwa na fimbo, wakitafuta masale waliyopanda baba zao kuonyesha mpaka uko wapi.

Bei za ardhi za miaka hiyo ninazikumbuka kwa vitu, si kwa shilingi, maana shilingi yenyewe haikutulia. Mwanzoni eka ya porini ilikuwa mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa, na muuzaji alikushukuru. Baadaye ikawa mtamba na bati za kuezekea nyumba. Baadaye tena nilisikia mtu ametoa pikapu, na watu wakasema amepagawa, lakini aliyepagawa ni yule aliyeipokea pikapu, maana iliharibika na shamba likaendelea kupanda bei. Kisha neno eka lenyewe likatoweka midomoni. Ardhi ikawa inauzwa kwa hatua, kila mtu akichagua dalali mwenye miguu mifupi au mirefu kulingana na upande aliopo, wa kuuza au wa kununua. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuuza mitumba Himo, na madalali walikuwa wakikaa kwenye benchi langu kusubiri wateja, kwa hiyo kila bei niliisikia ikiwa bado ya moto.

Babu alishuka kwetu wakati ule eka ilipokuwa bado mtamba. Alikuja bila kualikwa, katikati ya wiki, na hilo peke yake lilitutia hofu. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amepata nafasi ya kuendelea na masomo, na shule inataka ada, na kahawa haikuleta kitu. Alizunguka sana kabla ya kufika kwenye neno lenyewe. Alisifu mahindi, akasifu ng'ombe, akaniuliza kama nimepata mchumba. Mwishowe akasema kwamba amefikiria kuliuza lile shamba, na kwamba hawezi kumwuzia mtu mwingine kabla ya kumwambia baba. Alisema atachukua mtamba mmoja tu kwa kipande chote, na waandikiane kwa mwenyekiti wa kijiji.

Nilikuwa nachambua maharage karibu nao. Mama alikuwa jikoni, na nilisikia mwiko ukiacha kukoroga.

Baba alikuwa na mtamba. Alikuwa na mtamba mzuri sana, mwekundu, ambaye mama alikuwa amemlea kwa mkono. Alitazama chini, na mimi moyoni nikawa nasema, sema ndiyo, sema ndiyo. Akamwambia babu kwamba mtamba atampa. Lakini shamba hatalinunua. Mtu hanunui shida ya mwenzake, alisema. Babu asomeshe mtoto, mtamba ni msaada, na masiro yataendelea kama kawaida. Babu alimshika mkono, na niliona ameinamisha uso ili asitazamwe. Nadhani naye aliona haya, lakini haya zake zilikuwa za kushukuru, na hizo haziumi sana.

Usiku mama hakula. Si mwanamke wa kelele, ila aliposema alisema mara moja tu. "Ungeandikiana naye, ungekuwa bado umemsaidia," alimwambia baba. Baba akajibu kwamba huwezi kumwandikisha mtu msaada, ukishamwandikisha umeshamnunua yeye mwenyewe. Mama akasema kwamba watoto wa babu hawakuimba naye kwaya. Baba akacheka kidogo, akadhani ni utani.

Asubuhi baba alimpandisha yule mtamba mlimani kwa kamba, mchana kweupe, na kila aliyekuwa njiani alimwona. Alikuwa anajivuna. Kwake yeye siku ile alikuwa amelipa wema kwa wema, na shamba lilikuwa limekuwa lake zaidi kuliko kama angelinunua. Hilo ndilo kosa lake, kama ni kosa, na kosa la namna hiyo nimeliona kwa watu wa kwetu tu. Mtu wa mjini asingelifanya. Mtu wa pwani angeandikiana, kisha angetoa msaada mwingine pembeni kama anataka.

Babu alikufa miaka kadhaa baadaye, akazikwa kihambani kwake kwa heshima zote, na baba aliimba kaburini mpaka sauti ikakatika. Wanawe walikuwa watatu. Yule wa kwanza, aliyesomeshwa kwa mtamba wetu pamoja na vitu vingine, alikuwa na kazi Moshi mjini na alivaa miwani. Yeye ndiye aliyerithi kauli ya nyumba. Mwaka wa kwanza tulipopeleka masiro aliipokea, ila hakunywa; alisema tumbo lake siku hizi haliwezi mbege, akapitisha kata kwa wadogo zake. Mwaka uliofuata alimwambia baba kwa utani kwamba bora angeleta kreti la soda badala ya pombe. Baba alicheka sana kwa utani ule. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimemsikia dalali mmoja kwenye benchi langu akisema kwamba kuna tajiri anatafuta kipande kikubwa kando ya barabara, anataka kujenga kituo cha mafuta, na haulizi bei.

Nilimwambia baba. Akasema mashamba yapo mengi.

Mwaka uliofuata baba alituma salamu mapema, kama ilivyo desturi, kwamba Jumamosi fulani ataleta pombe. Jibu halikuja. Mbege haisubiri majibu. Ikishaiva imeiva, na kesho yake inaanza kuwa kali. Tukapanda. Nilikuwa mtu mzima sasa, mama wa watoto wawili, na bado niliibeba mimi, kwa sababu baba alitaka iwe hivyo. Wavulana wa seng'enge walikuwa wengine, na hawakunijali hata kidogo, na nitasema ukweli, nililiona hilo nalo.

Tulipofika karibu na nyumba tulisikia redio. Tulipoingia uwanjani redio ikazimwa.

Baba alipiga hodi. Akapiga tena. Milango yote ilikuwa imefungwa na moshi ulikuwa unatoka jikoni. Akakaa kwenye benchi lilelile ya siku zote, akavua kofia akaiweka gotini, na mimi nikatua mzigo chini. Tukangoja. Ndani mtoto alianza kulia, kisha akanyamazishwa ghafla, kama aliyezibwa mdomo kwa kiganja. Baba alikohoa, nadhani kwa kuwasaidia, ili wajue tumesikia na watoke kwa amani. Hakuna aliyetoka. Sijawahi kuona haya kama zile. Nilimwonea haya baba kwa kukaa, niliwaonea haya wale waliokuwa ndani kwa kujificha, nikajionea haya mwenyewe kwa kuwa shahidi. Watu wazima, wenye nyumba ya matofali na miwani, wameikimbia pombe.

Kisha tukasikia harufu ya kitu kinachoungua. Ilikuwa ndizi na nyama, machalari, nayo ilikuwa imeanza kushika chini. Harufu ikazidi. Mtu yeyote wa nyumba ile alitakiwa atoke kwenda kuepua, na hakuna aliyeweza kutoka bila sisi kumwona. Baba alivumilia mpaka akashindwa. "Nenda ukawaepulie chungu," aliniambia. "Chakula hakina ugomvi na mtu."

Jiko lilikuwa nyumba ya pembeni, ya mbao. Nikasukuma mlango. Nyuma ya mlango, kwenye kigoda, alikuwa amekaa mke wa babu, yule aliyekuwa anasimama mlangoni akitabasamu. Alikuwa amejikunja na khanga yake kichwani kama anayejikinga mvua. Nadhani aliingia pale kwa haraka tulipofika na hakupata nafasi ya kutoka. Angeweza kuepua chungu kwa kunyoosha mkono, lakini aliogopa mfuniko ungelia. Tulitazamana. Nikamwamkia kwa sauti ya chini, shikamoo bibi, na yeye akaitikia marahaba kwa midomo tu, bila sauti. Nikaepua chungu, nikakiweka juu ya majivu, nikatoka nikarudisha mlango kama nilivyoukuta.

Baba aliniuliza kama kuna mtu. Nikamwambia hakuna.

Alinitazama usoni, na baba hakuwa mjinga. "Basi hakuna," alisema. Akavaa kofia yake. Nikajitwisha tena ile pombe, na tukaishusha mlima, na njiani kila tuliyekutana naye alitaka kujua kwa nini mbege inarudi. Baba aliwaambia wenyewe wamesafiri. Nyumbani mama aliwaita majirani wakainywa, maana kuimwaga kungekuwa vibaya zaidi.

Haukupita muda mrefu tukaitwa ofisi ya kijiji. Wana wa babu walikuwa wameleta malalamiko kwamba baba amekaa shambani mwao mwaka mzima bila masiro, na kwa hiyo wanalichukua. Walikaa upande mmoja wa chumba, wote watatu, na mama yao katikati. Sisi tulikaa upande wa pili. Wajumbe walikuwa kwenye meza, na mwenyekiti wa kijiji, mtu mzito wa maneno ambaye naye alikuwa mtoto wa katikati, alikuwa anajipepea kwa daftari.

Mwana wa kwanza alisema kwa adabu zote. Alimwita baba "mzee." Zamani alikuwa akimwita baba mdogo. Alisema hawana ubaya naye, ila desturi ni desturi, pombe haikufika, na wao wenyewe siku ile walikuwa msibani. Nilimtazama mama yake. Alikuwa anatazama vidole vyake. Nilitaka kusimama niseme nilichokiona jikoni, na mguu wangu ulishaanza kunyanyuka, lakini baba aliniwekea mkono gotini. Sitaki kumsingizia sababu. Labda hakutaka bibi aaibike. Labda hakutaka mimi niaibike kwa kusema nilimdanganya.

Mwenyekiti, kama nilivyosema, alikuwa mtoto wa katikati. Alijua maisha ya porini yakoje. Alimgeukia baba akamwuliza polepole, kama mwalimu anayempa mtoto jibu. Alisema kwamba miaka ile kulikuwa na mtamba mwekundu aliyepandishwa mlimani, na yeye mwenyewe alimwona, na wajumbe wawili hapa walimwona. Alisema eka wakati ule ilikuwa mtamba, kila mtu anajua. Kisha akauliza, "Yule mtamba alikuwa bei ya shamba, au hakuwa? Sema neno moja tu, tumalize."

Yule mwana wa kwanza alivua miwani, na kwa mara ya kwanza niliona ameogopa. Neno lilikuwa moja. Mama alikuwa ameshika rozari ndani ya khanga, na nilisikia shanga zikisimama. Shamba lote, mahindi yote, wajukuu wote, na uzee wao wawili vilikuwa kwenye neno hilo, na kila mtu pale alikuwa anamsihi baba alitamke, hata wajumbe.

Baba alisimama. Akavua kofia.

"Alikuwa na shida, nikampa," alisema. "Sikununua. Ningekuwa nimenunua, kwa nini marehemu aliendelea kuinywa pombe yangu? Mtanifanya nimwite mwongo, na yuko kaburini."

Mwenyekiti alijaribu tena. Alisema labda ilikuwa nusu kununua na nusu kusaidia. Baba akasema hapana. Mdogo wa wale wana watatu akadakia kwamba mnasikia, mwenyewe amekubali, na kaka yake akamkanyaga mguu. Mama akainuka akatoka nje bila kuaga, na kule kwetu mwanamke hatoki barazani hivyo.

Nilimchukia baba. Naliandika neno hilo kama lilivyo. Nilimchukia kwa dakika zote alizosimama pale na kofia yake mkononi, mkweli kama mtoto wa komunyo, akigawa shamba letu ili sauti ya chini ya kwaya isichafuke. Na papo hapo niliona haya kwa kumchukia, kwa sababu katika chumba kile chote hakuna aliyekuwa amesema ukweli siku ile isipokuwa yeye. Haya hizo mbili bado ninazo, na hazijawahi kupatana.

Baraza likaamua kwamba shamba lirudi kwa wenyewe baada ya mavuno. Watu wakaanza kutoka. Hapo yule mwana wa kwanza akamfuata baba mlangoni na bahasha. Alisema ni kifuta jasho, wamekaa kama familia wakaona si vizuri mzee aondoke mikono mitupu. Nilijua baba ataikataa. Mtu aliyekataa neno moja lenye thamani ya shamba zima atakubalije bahasha nyembamba vile?

Baba alinyoosha mikono yote miwili, kama mtu anavyopokea zawadi kwa heshima, akainama kidogo mbele ya kijana yule, akasema aika.

Watu waliona. Mmoja wa wajumbe aligeuza uso ukutani. Niliomba ardhi inimeze, na nilipowaza ardhi yenyewe nikazidi kuumia. Nimejaribu miaka mingi kumwelewa. Huenda aliona kwamba mtamba alimtoa kama msaada na sasa msaada umerudi, kwa hiyo urafiki bado uko mzima, na yeye hajapoteza chochote ila udongo. Au huenda alikuwa tu maskini, na bahasha ilikuwa na pesa. Mama alikuwa ametangulia mbali, hatukuweza kumfikia, na hakugeuka nyuma hata mara moja.

Tuliteremka wawili, mimi na baba. Alikuwa ameitia bahasha kwenye mfuko wa ndani wa koti na alikuwa anaugusa mara kwa mara. Tulipofika penye kona, pale unapoanza kuiona tambarare yote mpaka Himo, mapaa mapya ya bati yaking'aa kando ya barabara na shamba letu likiwa kijani katikati yake, akapunguza mwendo.

"Wewe unakaa na madalali," alisema. "Siku hizi kipande kama kile wanauza kiasi gani?"

Nilijua bei. Niliijua mpaka shilingi ya mwisho, maana dalali wa yule tajiri wa kituo cha mafuta alikuwa ameitaja kwenye benchi langu juzi yake, na tulikuwa tumepiga miluzi. Nilimtazama baba, na koti lake, na mkono wake ulioshika mfuko. Nikamtajia nusu.

Alisimama. Midomo yake ilisogea kidogo, kama anayerudia alichosikia ili asikisahau, kisha akakaa kwenye jiwe la kando ya njia, akabaki anatazama kule chini. Nilisubiri. Mwanamke mmoja alipita na mzigo wa majani ya ng'ombe, akamwamkia, na baba hakuitikia, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kwa mtu yeyote. Mwishowe alinyoosha mkono nimsaidie kuinuka.

"Mama yako usimwambie kwamba nimeuliza," alisema.